Sekunde Tano Ulizonipa

Kivi Lake, Minnesota
Ijumaa, Februari 9, 2001

Kwa Kaka Warren,

Nakusalimu kwanza, maana Mama yuko jikoni na amesema barua isiyo na salamu hatainunulia stempu. Natumaini itakukuta mzima huko Seattle, wewe na shemeji Colleen, pamoja na yule paka wenu mnayempikia kama mgeni wa heshima. Sisi huku hatujambo. Goti la kushoto la Mama bado linamsumbua akipanda ngazi, ila akiambiwa apumzike anauliza nani ataosha vyombo akiwa amelala. Theluji imefika usawa wa dirisha la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, na nimechoka kuizoa. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, nakula vizuri, kazi ya matairi inaendelea, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Hasira yenyewe ni juu yako.

Utajiuliza kwa nini sikukupigia simu. Kwenye simu wewe ni mtamu, Kaka. Ungenizungusha kwa maneno ya chuo kikuu mpaka mimi ndiye niombe radhi. Barua pepe ungeifuta kwa kidole kimoja. Karatasi hii utaishika, na ukitaka kuitupa itakubidi usimame uende mpaka kwenye pipa.

Habari yenyewe inahusu mashindano ya klabu ya kuteleza thelujini kwa skii, ile programu yako ya matokeo, na kile kikombe changu cha ushindi cha sebuleni. Kama hapo moyo umekupiga, endelea kusoma. Kama haujapiga, basi umesahau, na hilo ni baya zaidi.

Mambo yalianzia kwa Bi. Helmi Rautio. Yeye bado ndiye katibu wa klabu, bado anavaa ile kofia nyekundu ya sufu, na mwezi wa kumi na mbili ametimiza miaka sabini. Sasa ametangaza kwamba mwaka huu ataingia mashindanoni yeye mwenyewe, na kwamba hatakubali kuwekwa kundi moja na wasichana wa miaka hamsini. Anataka kundi la akina bibi wa sabini na kuendelea. Tukamuuliza wako wangapi. Akasema yuko mmoja, na kwa hiyo ana hakika ya kushinda. Tatizo likawa programu yako, ambayo makundi yake uliyapigilia msumari mwaka ule wa 1995, kisha ukahamia pwani ya magharibi bila kuacha hata nusu ukurasa wa maelezo, isipokuwa ile karatasi uliyoibandika ubavuni mwa kompyuta ya klabu: andika hiki, kisha hiki, bonyeza.

Siku hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya ibada. Bi. Helmi akauliza kama kuna mtu anayeweza kuirekebisha. Mimi hapo, unanijua, mdomo wangu huondoka mbio kabla akili haijavaa viatu. Nikasema hicho ni kitu cha dakika tano, kaka yangu ndiye aliyeiandika, damu ni moja. Bi. Helmi akanitazama juu ya miwani akasema, "Lyle mwanangu, wewe shule uliiacha kwa sababu ya hesabu." Nikamjibu kwamba niliiacha kwa sababu hesabu ziliniogopa. Watu wakacheka, nikapewa ufunguo wa nyumba ya klabu.

Basi Jumatatu baada ya kazi nikaketi mbele ya ile kompyuta. Nilikuwa nimesikia kwamba lugha yenyewe inaitwa Perl, kwa hiyo nikaandika perl, nikabonyeza. Haikusema kitu. Kijimstari tu kinawaka na kuzima. Nikajua inafikiri. Nikachemsha kahawa, nikanywa, bado inafikiri. Nikapaka nta skii zangu zote mbili, nikala mkate wa nyama, nikarudi, bado. Saa nzima na robo, Kaka! Nikasema kweli hii ni mashine yenye akili, inafikiri kwa kina kuliko mchungaji.

Ndipo akaingia Dwight Ojala.

Shemeji akisoma barua hii hamjui Dwight, kwa hiyo mwambie. Mwambie kwamba ni mtoto wa akina Ojala wa barabara ya mgodini, rika langu, na kwamba mwaka ule wa 1995, tulipokuwa na miaka kumi na saba, mimi na yeye tulishindana kilomita kumi, kundi la vijana. Mwambie tunaondoka mmoja mmoja kwa kupishana nusu dakika, kwa hiyo hakuna anayejua nani kashinda mpaka hesabu ifanywe. Mwambie nilimshinda kwa sekunde mbili, nikapata kikombe, nikapata na nafasi ya kwenda Michigan na timu ya jimbo, ambako nilikuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini. Dwight alibaki nyumbani. Aliacha skii mwaka uleule. Na mwambie kwamba tangu siku ile, kwa miaka sita, mimi sikuwahi kumwita Dwight kwa jina lake. Nilimwita Wa Pili. Dukani, kanisani, kwenye mazishi ya bibi yake. Vipi Wa Pili. Shika mlango, Wa Pili. Naye aliniita Bingwa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuielewa vizuri.

Siku hizi Dwight anafundisha kompyuta kwenye chuo cha miaka miwili kule mji wa jirani. Bi. Helmi ndiye aliyemtuma, hakuamini zile dakika tano zangu. Akasimama nyuma yangu, akatazama skrini, akauliza nimekaa hapo tangu saa ngapi. Nikamwambia. Akauma mdomo. Akasema, "Bingwa, hiyo haifikirii. Inakusubiri wewe useme unataka nini. Wewe unaisubiri, yenyewe inakusubiri, mngekaa hivyo mpaka majira ya kuchipua." Alicheka mpaka akashika ukuta. Ningemtoa nje, ila kahawa nilikuwa nimechemsha nyingi.

Sasa hapa lazima nijisifu kidogo, maana nimestahili. Mimi, niliyeishia darasa la kumi na moja, nilijifunza Perl kwa wiki tatu. Dwight ni mwalimu mzuri, siwezi kumnyima hilo. Anafundisha kwa vitu unavyovishika. Alisema maneno unayoyaandika nyuma ya jina la programu hayapotei hewani, yanaangukia kwenye kapu, la kwanza juu ya mengine yote, na programu ikitaka inachomoa moja moja kwa amri iitwayo shift. Hilo akaliita kapu la mlangoni. Halafu akasema ndani ya programu kuna viprogramu vidogo, kila kimoja kina jina na kazi yake, kama watu wa nyumba ya klabu: huyu anapaka nta, huyu anagawa namba, huyu anaandika. Ukimwita mmojawapo unampa vitu mkononi, navyo vinaingia kwenye kapu lake yeye, kapu la ndani. Kosa la wanaoanza, akasema, ni kuchanganya makapu: unachomoa ukidhani uko mlangoni kumbe umeshaingia ndani, unatoka na mkono mtupu. Nililifanya kosa hilo mara tisa. Usicheke, wewe huna tena haki ya kucheka.

Kiprogramu changu cha kwanza kilikuwa cha salamu. Unaandika jina lako nyuma ya jina la programu, linaanguka kapuni, kiprogramu kinalipokea na kukusalimu. Nikaandika Lyle, nikabonyeza, ikanijibu: Hujambo 1. Nikaruka kwenye kiti. Nikamwambia Dwight unaona, Wa Pili, hata mashine inajua nani wa kwanza hapa! Akavuta kiti akaketi, akanieleza taratibu kabisa kwamba sikukitoa kitu kapuni, nilichofanya ni kuuliza kapu lina vitu vingapi, na kapu likajibu kweli, kimoja. Mashine haikujui wewe ni nani, Bingwa, akasema. Inajua ulichoipa tu.

Niliikumbuka sana sentensi hiyo baadaye.

Wiki ya tatu ndipo tulipoifungua programu yako. Kaka, umesoma chuo kikuu, lakini unaandika kama mtu anayefunga mlango na kumeza ufunguo. Herufi moja moja, hakuna maelezo, kila kitu kimebanana. Dwight alisema mwanafunzi wake akimletea kazi kama hiyo anamrudisha kwa mama yake. Lakini tuliisoma, mstari kwa mstari, mkate wa iliki wa Bi. Helmi ukiwa katikati yetu. Mwanzoni inachomoa kutoka kapu la mlangoni: cha kwanza ni faili la walioondoka, cha pili faili la waliofika. Sawasawa na karatasi uliyobandika. Na chini yake, imeandikwa kwa haraka, inachomoa cha tatu.

Nikauliza cha tatu ni nini, mbona karatasi inasema viwili. Dwight akasema tutaona kinakokwenda. Tukakifuata. Kilikwenda kwenye kiprogramu ulichokiita Safisha, ambacho kwa jina lake ungedhani kinafuta nafasi tupu mwisho wa mstari, na kweli kinafuta. Halafu kinafanya jambo jingine. Viprogramu vyako vingine vyote, pamoja na ubaya wako wa mwandiko, kwanza vinatoa vitu kapuni na kuvipa majina, ndipo vinafanya kazi. Hiki hakikutoa kitu. Kilifanya kazi humohumo ndani ya kapu. Nikauliza kuna tofauti gani. Dwight akaacha kutafuna. Akasema ukitoa kitu ukakipa jina, umeshika nakala yako, ifanye utakavyo, ya mwenyewe iko salama. Ila ukiingiza mkono ndani ya kapu ukabadilisha kilichomo, umebadilisha kitu chenyewe cha yule aliyekupa, na yeye hana habari. Akaonyesha kwa kidole: mwanariadha akiwa na namba iliyotajwa mahali pa tatu, muda wake unapunguzwa sekunde tano. Ukiacha mahali pa tatu patupu, hakuna kinachotokea.

Mimi nikacheka nikasema huyo ndiye Warren, hakosi takataka, labda alikuwa anajaribu kitu. Dwight hakucheka. Akasema labda. Akavaa koti akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alipika supu ya samaki na viazi, tukaketi mezani. Unajua mahali ninapokaa, uso kwa uso na ukuta wenye kikombe, na juu ya kikombe ile karatasi ya matokeo ya 1995 ambayo Mama aliitia fremu. Kangas Lyle, 31:09. Ojala Dwight, 31:11. Nimeitazama karatasi hiyo kila mlo kwa miaka sita. Chini kabisa kuna ule mstari mdogo wa herufi za mashine ambao programu yako huuchapa kila inapomaliza kazi, ile fahari yako ya kuonyesha jinsi ulivyoiendesha. Sikuwahi kuusoma kwa maana. Nilikuwa najua tu kwamba unaishia na namba yangu ya kifuani, nikadhani uliiweka pale kwa kunienzi. Niliwahi hata kuwaonyesha wageni. Jumapili hiyo, kijiko kikiwa mdomoni, nikausoma:

perl matokeo.pl walioondoka.txt waliofika.txt 41

Mama akaniuliza kama supu imezidi chumvi.

Nikaichukua fremu ukutani, nikaenda klabuni kwa mguu. Unajua Bi. Helmi hatupi kitu. Karatasi zake za mkono za mwaka ule ziliwashia moto wa sauna kama karatasi zote za mji huu, lakini diski yako yenye yale mafaili mawili ilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine, mwaka umeandikwa kwa mwandiko wako. Nikaendesha programu kama ulivyoiendesha, na 41 mwishoni. Kangas 31:09, Ojala 31:11. Nikaiendesha tena kama karatasi ya ubavuni inavyosema, vitu viwili tu.

Ojala 31:11. Kangas 31:14.

Nimekuandikia kwa mstari wake peke yake ili uutazame.

Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, Kaka. Umekuja likizo na kompyuta yako, klabu nzima inakuangalia kama umeshuka na mvua, mwaka wa kwanza Bi. Helmi anaweka kalamu chini na kukuamini wewe. Na kitu cha kwanza ulichofanya na imani ile ni kuichimbia shimo la sekunde tano, na kunitia mimi ndani. Mimi! Hukuniuliza! Nilikimbia kilomita kumi na damu puani, zile dakika zilikuwa zangu, ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya kwa miguu yangu mwenyewe bila msaada wa mtu. Ukaingiza mkono kapuni ukakibadilisha, ukanirudishia ukitabasamu, nami nikakushukuru. Nilikukumbatia siku ile. Unakumbuka? Mimi nakumbuka, na nikikumbuka natamani kuoga.

Najua utakavyojibu. Utasema Baba alikuwa mgonjwa, vumbi la mgodi lilikuwa limemjaa kifuani, ulitaka afurahi kabla hajaondoka. Subiri. Kwa Baba tutafika.

Kwanza niseme langu, maana nami si malaika, na ukilisikia kwa mtu mwingine utafurahi mno. Ile diski niliitia mfukoni nikarudi nayo nyumbani. Nikaingia sauna, nikafungua mlango wa jiko, nikasimama nayo mbele ya makaa. Kitu kidogo vile, kingeyeyuka kama jibini. Kikombe kingebaki, fremu ingerudi ukutani, na katika dunia nzima wangejua watu wawili tu, mimi na wewe, nawe usingesema. Mkono wangu ulishafika mlangoni. Kilichonizuia si wema, Kaka, ni kwamba Mama aliita kuuliza nani anawasha sauna Jumapili.

Halafu Jumatatu Dwight akaja karakana kubadilisha tairi. Vijana wote wako pale. Mimi nikijua ninachokijua, nikiwa na ile diski kwenye mfuko wa shati, nikafungua mdomo nikapaza sauti kuliko siku zote: "Mpisheni Wa Pili, mpisheni, ana haraka, asije akachelewa kwa sekunde mbili!" Wakacheka wote. Dwight akasema asante Bingwa, akasubiri gari lake. Kwa nini nilifanya hivyo sijui. Ndiyo maana nakwambia. Nilikuwa najua na nikasema, na hilo si lako, hilo ni langu.

Jumatano sikuweza tena. Nikamwita klabuni, nikamwekea fremu mezani, nikaendesha programu mara mbili mbele ya macho yake bila kupindisha neno. Akauliza ni sekunde ngapi. Nikamwambia tatu. Akasimama, akatoka nje bila koti. Nilimwona dirishani amesimama karibu na rundo la kuni, baridi ya kukata masikio, kichwa wazi. Aliporudi midomo yake ilikuwa ya buluu. Akasema kuna kile kilima cha mwisho, karibu na tangi la maji. Akasema siku ile alipofika pale alijihurumia hatua tatu nne, akatembea badala ya kukimbia, na kwa miaka sita alikuwa anaamini hizo hatua ndizo zilizompoteza. Ndiyo sababu skii zake alimpa binamu yake. Aliona haya kuzitazama. Alidhani ana moyo mdogo. Kumbe hata na zile hatua alizotembea alikuwa kanishinda. Baada ya hapo alisema maneno kuhusu wewe ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa Mama ataipitia barua hii kusahihisha herufi. Mengi yalikuwa mapya kwangu.

Nikamwambia anipige. Nilisema kweli, nikavua kofia nikasogea. Akasema, "Sikupigi, Bingwa. Nitakupita." Akachukua kalamu ya Bi. Helmi akaandika jina lake kwenye orodha ya mashindano.

Sasa Baba.

Jana nilimweleza Mama. Nilidhani ataanguka, nikamwekea kiti. Hakukaa. Hata hakushangaa. Aliifuta mikono kwenye aproni, akaenda chumbani, akarudi na kalenda ya mfukoni ya Baba ya mwaka ule, ile ya ushirika wa wakulima, ambamo aliandika baridi na upepo na nta gani imefaa. Siku ya mashindano unakumbuka Baba alikaa ndani ya gari, kwenye mstari wa kumalizia, kipasha joto kinanguruma, watu wakasema Eino maskini hawezi hata kusimama. Kaka, alikuwa na ile saa ya zamu ya mgodini mkononi. Kioo kilikuwa kimeshushwa inchi mbili. Mstari wa kuanzia na wa kumalizia ni mahali pamoja, alituona tukiondoka na alituona tukifika. Ameandika kwa penseli, mwandiko unatetemeka lakini unasomeka: Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, hakuna upepo. Ojala 31:11. Lyle wetu 31:14. Mtoto kateleza vizuri sana leo.

Alijua. Alijua tangu tunakula chakula cha jioni na kikombe kiko katikati ya meza. Ndiyo maana alikaa ameupa mgongo ule ukuta mpaka mwisho wake. Ndiyo maana siku ile alinishika kichwa akasema tu, ulivyoteleza ndivyo ilivyotosha. Mimi nikasusa! Nilidhani ananibania sifa. Miaka sita nimemkasirikia marehemu kwa sentensi moja ambayo ndiyo iliyokuwa sifa pekee ya kweli niliyopewa siku ile.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakusema. Mama akajibu kwamba Baba alimkataza. Alisema Warren ni mtu mzima, ameteleza, atakuja kusema mwenyewe, tumwachie nafasi. Akakuachia. Mwezi wa pili akakuachia, mwezi wa tatu akakuachia. Mama anasema kila ulipopiga simu kutoka chuoni Baba alitaka kupewa mkono wa simu, akasikiliza habari zako za masomo mpaka ukamaliza, akasema haya mwanangu, akairudisha. Mwezi wa nne tukamzika. Ulilia kuliko sisi sote, nami nikakushika bega.

Ulitaka kumfurahisha, sivyo? Alikuwa ameshafurahi. Imeandikwa kwa penseli. Kilichobaki ulimharibia wewe.

Basi sikiliza. Mashindano ni Jumapili ya tarehe kumi na nane. Bi. Helmi nimemwambia, alikaa chini akavua kofia, mara ya kwanza kumwona nywele. Kikombe nimeshakitoa nyumbani, nimekisugua, kiko klabuni kinamsubiri mwenyewe. Kabla ya bibi huyo kupuliza kipenga, watu wakiwa wamesimama na kahawa zao, zimetengwa dakika tano. Ukiwepo, utasimama useme kwa mdomo wako. Usipokuwepo, nitasimama mimi nisome ule ukurasa wa Baba, kisha nieleze ya karakana, yangu na yako pamoja. Mimi si Baba. Sikungoji mpaka mwezi wa nne.

Programu iko tayari. Kundi la akina bibi limeingia, Dwight amesema kazi yangu ni safi na sikumlipa aseme. Kile kiprogramu chako nimekifuta kwa mkono wangu, nikaandika kingine kinachotoa vitu kapuni kwanza na kuacha vya watu kama vilivyo. Na mtu akiipa vitu vitatu mlangoni, inakataa kufanya kazi. Ule mstari wa chini nimeuacha. Mwaka huu karatasi itabandikwa mlangoni na nitawafundisha watu wote kuusoma, hata Bi. Helmi, anayesema ataanza masomo Jumatatu. Dwight kila siku yuko mlimani na skii za kuazima. Mimi pia. Sijui nani atampita nani, lakini nitakutumia karatasi.

Mama anakusalimu, na anasema ukija uje na soksi nzito, usijifanye mtu wa Seattle. Anasema pia kitanda chako kimetandikwa. Hilo si langu, ni lake. Msalimie shemeji Colleen, yeye hana kosa, na yule paka.

Ni mimi mdogo wako,

Lyle Kangas
Wa Pili, 31:14